Maswali yenu: bunduki ya upepo yenye nguvu, unaitaka ya nini hasa?

Mwezi huu ni bunduki tu, sijui mmeambizana au vipi. Kwa wageni wa ukurasa huu, mi kazi yangu ni kupambana na panya, sungura na ndege waharibifu kwenye mashamba ya Lincolnshire huku mashariki mwa England, mwaka wa kumi na moja sasa, kabla ya hapo nilikua naendesha trekta Tanga. Najibu nnachokijua. Maswali nimeyafupisha maana mengine yalikua marefu kama barua ya posa.

SWALI: Salaam aleikum kaka. Nipo Shropshire, hapa England, nasimamia mabanda matatu ya kuku wa mayai. Panya wamezidi, usiku ukiwasha taa unaona ukuta unatembea. Nje kuna shamba la yale maua ya njano ya mafuta, na njiwa wa porini wanashuka hapo kama wameitwa harusini. Bosi kasema nitafute bunduki ya upepo atanirudishia hela, mwisho pauni 900. Dukani jamaa kanionesha moja ya .25 (upana wa tundu la mtutu kwa inchi) yenye nguvu futi-paundi 40 (kipimo cha nguvu ya peleti ikitoka mtutuni), akasema hiyo ndo mwisho wa matatizo ila inataka cheti cha polisi. Niingie? – Msimamizi wa Kuku

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Kabla ya kuingia ebu tuulizane, huyo panya unampiga ukiwa umbali gani? Maana we umeniambia bei, umeniambia nguvu, umeniambia mpaka rangi ya kitako (hiyo nimeikata), ila umbali hujataja, na umbali ndo unaochagua bunduki.

Banda la kuku ukikaa kona moja na panya yuko kona ya pili ni mita 15, ikizidi sana 25. Sasa futi-paundi 40 kwa mita 15 ni sawa na kuvunja yai kwa nyundo ya fundi reli, yai litavunjika kweli, na meza pia. Hiyo peleti ya .25, yaani kirisasi chake, ina uzito wa gramu moja na nusu na zaidi, ikishamaliza kazi kwa panya haisimami, inatoka upande wa pili na nguvu bado inayo, inaenda kwenye bati, kwenye bomba la maji, kwenye kuku, kwenye swichi, na sakafu ikiwa ya zege inaruka na kurudi na hapo haichagui mtu.

Nakwambia hivi kwa sababu yalinikuta. Mwaka wangu wa pili huku nilinunua bunduki ya springi, kubwa, nzito kama mchi, muuzaji kaniapia kwamba hakuna kinachosimama mbele yake. Siku ya kwanza nikaingia nayo kwenye ghala la ngano, panya kakaa juu ya ukingo wa zege anajipangusa masharubu, nikafyatua, nikamkosa kwa upana wa kidole tu. Nikasikia ting, afu kimya kidogo, afu maji. Peleti ilipiga zege ikapanda ikatoboa tenki la plastiki la lita elfu moja la bosi, tena chini kabisa, kwaiyo yakatoka yote. Nilisimama pale na kidole nimeziba tundu kama mtoto, nikipiga simu kwa mkono mmoja. Panya mwenyewe aliondoka taratibu, hakukimbia hata.

Sasa sheria, maana muuzaji kakutajia cheti kama vile ni risiti. England na Wales, bunduki ya upepo ambayo haizidi futi-paundi 12, yaani joule 16 na kidogo, unanunua bila cheti mradi umefikisha miaka 18, na dukani wanakukabidhi ana kwa ana, hawakutumii tu kwa posta. Ikizidi hapo hata kwa nusu, kisheria ni silaha kama silaha nyingine, unahitaji cheti cha polisi ambacho wenyewe wanakiita FAC, kinadumu miaka mitano, na polisi watakuuliza sababu, watakuuliza ardhi gani, watataka kuona kabati la chuma lililofungwa ukutani. Sio kwamba hawatoi, wanatoa, na mimi ninacho, ila kupata kwake inachukua muda na panya wako hawasubiri barua. Na ukikutwa na bunduki ya 13 huna cheti hakuna cha kusema sikujua. Wenzetu wa Scotland ni tofauti kabisa, tangu mwisho wa 2016 hata hizi ndogo za chini ya 12 zinataka cheti, na Ireland ya Kaskazini wamebana zaidi, kikomo ni joule moja, kwaiyo msije mkachukua maneno yangu mkayapeleka huko.

Kwaiyo kwa panya wa bandani jibu langu ni hapana, usinunue hiyo ya 40. Nunua ya chini ya 12, ile ya kujazwa hewa kwenye chupa, PCP, ya .22. Ntakueleza kwanini.

Ziko aina mbili kubwa. Ya springi unavunja mtutu au unavuta mkono wa pembeni, springi inajikaza, ukifyatua ndo inasukuma hewa. Raha yake haitaji kitu kingine, unaichukua unaenda. Shida yake inarusha mateke mawili, moja nyuma moja mbele, inayaanza hata kabla peleti haijatoka, kwaiyo ukiishika leo hivi na kesho vile inapiga sehemu mbili tofauti. Mtu aliezoea Weihrauch (chapa ya bunduki) yake ya springi miaka ishirini anafanya maajabu nayo, ila wewe utahitaji miezi. Halafu hayo mateke yanaua skopu, zile darubini za kulengea, za bei poa, lenzi za ndani zinalegea na unabaki unailaumu bunduki.

PCP hewa iko tayari imeshindiliwa kwenye chupa chini ya mtutu, nyingi zinajazwa mpaka bar 200 hivi (bar ni kipimo cha presha), zingine zaidi. Ukifyatua haitikisiki, peleti inaenda ulikolenga, na nyingi zina magazini ya peleti kumi kwaiyo ukikosa ya kwanza unayo ya pili bila kuinuka. Kwenye giza, umelala kwenye marobota ya nyasi, hiyo ni neema. Gharama yake iko pembeni, maana lazima uwe na pa kujazia. Pampu ya mkono ipo, inafanana na ya baiskeli, ila kutoka bar 100 kwenda 200 utaimba nyimbo zote unazozijua na mikono bado inakuuma. Wengi tunanunua mtungi kama ule wa wazamiaji, bar 300, unajaziwa duka la vifaa vya kuzamia, na kila miaka mitano unapelekwa kupimwa. Weka kwenye hesabu yako. Bunduki mpya ya Air Arms au Weihrauch HW100, skopu, mtungi na peleti, hiyo 900 itapumua kwa shida, kwaiyo usione aibu kuchukua iliyotumika. Mi yangu ya kila siku niliinunua mkononi kwa mzee mmoja mstaafu na kitako kimechubuka kama mlango wa msikiti wa zamani, haijanikosesha.

Neno moja kuhusu hiyo hewa, na hapa sitanii. Usipake grisi ya gari wala mafuta ya cherehani kwenye sehemu zinazokutana na hewa iliyoshindiliwa, mafuta na presha kubwa vinawaka. Tumia ya silikoni tu. Na asitokee fundi mjanja akakujazia oksijeni ya kuchomelea, hilo ni bomu sio bunduki.

Sasa .177 au .22, mabishano yake hayaishi, ni kama Simba na Yanga. Ya .177 ni milimita 4.5, peleti nyepesi ya nusu gramu na kidogo, chini ya kikomo cha 12 inaenda kama mita 240 kwa sekunde, inapita njia iliyonyooka, ukikosea kukadiria umbali inakusamehe. Ya .22 ni milimita 5.5, gramu moja hivi, inaenda mita 170 na kitu, kwaiyo inapinda zaidi njiani. Skopu yako ukiirekebisha ipige palepale unapolenga kwenye mita 30, kwenye mita 45 peleti inakua imeshuka sentimita kumi na zaidi, hiyo ni kichwa cha njiwa na shingo yake yote. Lakini ndani ya banda hakuna mita 45, na ile pole pole ya .22 ndo naipenda, inampiga panya na nguvu kubwa inaishia palepale. Jirani yangu wa kazini anatumia .177 na anapiga vizuri kuliko mimi, kwaiyo usigombane na mtu.

Na ukiona sanduku limeandikwa inaenda futi 1,200 kwa sekunde, weka chini. Wanazipima na peleti nyepesi za aloi, zile ukizipiga shambani zinayumba kama kishada kilichokatika uzi. Peleti inayokaribia mwendo wa sauti, mita 340 kwa sekunde hivi, inavurugika hewani, wapigaji wazuri wanaenda chini ya hapo makusudi.

Peleti zenyewe chagua za kichwa cha mviringo, sio zile za ncha kali, ncha kali ni mapambo tu. Nunua makopo matatu manne ya kampuni tofauti, JSB, H&N, Air Arms, na uijaribu kila moja maana mtutu una mapenzi yake. Chukua karatasi, chora duara la kizibo cha soda, sogea mita 25, egemea kitu, piga tano. Zote tano zikiingia ndani ya kizibo hiyo ndo peleti yako. Zikiingia tatu, badilisha peleti. Ukibadilisha zote na bado ni tatu, basi tatizo ni wewe, na hilo halina duka. Sehemu ya kichwa cha panya unayolenga haizidi hicho kizibo, kwaiyo umbali ambao huwezi kuingiza tano kizibo ndo umbali ambao hupigi mnyama, hata kama akikuchungulia na kukucheka. Ukimjeruhi anakwenda kufia ndani ya ukuta siku tatu na harufu utaishi nayo mwezi.

Afu njoo kwenye usiku wenyewe. Zima taa, tumia tochi nyekundu au darubini ya usiku, wengi siku hizi wanafunga kamera ya usiku juu ya skopu. Panya anatembea na ukuta, mwili unagusa, ndo maana unaona ile michirizi myeusi ya mafuta sentimita tano juu ya sakafu, hiyo ni barabara yake kuu na anaipita kila siku. Weka kijiko cha siagi ya karanga palipo na udongo au ubao nyuma yake, kipake kwenye ubao wenyewe asiweze kukichukua na kukimbia nacho. Usiku wa kwanza hatagusa, panya anaogopa kitu kigeni, acha kipo na usipige. Usiku wa tatu anakuja, anasimama, ananyoosha shingo analamba, na kwa sekunde mbili tatu kichwa hakiendi popote. Hapo ndo risasi yako. Vaa miwani ya kukinga macho, ile ya mtu wa mashine ya kukatia nyasi inatosha, na kama sakafu ni zege tandika magunia ya mchanga nyuma ya chambo.

Ila kuku wako wanamwaga chakula, sindio? Nimeona mabanda mengi. Kama usiku chakula kinalala chini, utapiga panya thelathini na watazaliwa arobaini. Bunduki inapunguza wale wajanja waliobaki baada ya kuziba mashimo na kufunga mapipa, haiwezi kazi ya kwanza. Sumu nayo ina yake, bundi anamla panya mwenye sumu na yeye anaipata, ndo maana zimebanwa sana kutumiwa nje. Bundi mweupe akiwa na kiota kwenye ghala lako mheshimu, anakesha na kazi yako kila usiku na hakudai mshahara.

Njiwa sasa. Hapo ndo ile ya nguvu ingeanza kuwa na maana, kwenye uwanja wazi, mita 50 na kuendelea, upepo unavuma, udongo nyuma yake unaomeza peleti. Mimi ya cheti changu ni .25, futi-paundi 30, na naitumia kwa sungura na kunguru, labda mara mbili kwa mwezi. Inakula hewa kwa fujo, nusu ya idadi ya risasi unayopata kwenye ndogo au chini ya hapo. Na kumbuka ndege wote wa porini huku wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya 1981, njiwa wa porini unampiga chini ya leseni ya jumla ya Natural England, taasisi ya serikali ya mazingira, ya mazao ni GL42, ni bure na huombi ila lazima uisome maana wanaibadilisha, na lazima uwe umejaribu njia nyingine kwanza, sanamu, mizinga ya gesi ya kuwatisha kwa mlio, vishada. Panya, sungura na kindi wa kijivu hawahitaji leseni hiyo. Ruhusa ya mwenye ardhi chukua kwa maandishi, hata kama ni bosi wako na mnakula pamoja. Peleti isivuke mpaka kwenda kwa jirani, na barabarani kaa mbali, ndani ya futi 50 kutoka katikati ya barabara ukifyatua na mpita njia akaumia, akakatizwa au akahatarishwa ni kosa.

Kwaiyo anza na .22 ya chini ya 12. Ukifika mwakani bado unataka ya nguvu, utakua na ardhi, sababu na mkono uliozoea, na polisi watakusikiliza vizuri zaidi.

SWALI: Bwana, nina bustani nyuma ya nyumba Leicester, kindi wa kijivu anachimba mahindi yangu yote. Nyumba zimebanana lakini uzio ni mrefu. Naomba jina la bunduki yenye nguvu isiyo na sauti. – Mama Mahindi

JIBU: Mama yangu shikamoo, na hapana. Uzio wa mbao peleti inapita. Sheria haisemi huwezi kupiga uwanjani kwako, inasema peleti isitoke nje ya mpaka wako, na kindi anakaa juu ya uzio au juu ya mti, kwaiyo unalenga juu, na ukikosa iko wapi? Iko kwa jirani, kwenye dirisha la chumba cha mtoto. Sailensa inapunguza mlio tu, haipunguzi safari ya peleti, na mlio wenyewe ukisikika nusu hapo Leicester utaona polisi wenye silaha mlangoni kabla hujashusha bunduki. Huyo kindi wazungu wenyewe walimleta kutoka Marekani miaka ya 1870, waache wenyewe wahangaike nae. Funika mahindi kwa waya wa kuku, ule wa matundu madogo, mpaka yamefika magoti. Kama lazima, ipo mitego, ila ukimkamata kindi wa kijivu hairuhusiwi kumwachia tena porini, kwaiyo ujue kabisa utafanya nini nae kabla hujautega.

SWALI: Sisi huku Mombasa tumechoka na kunguru. Wanakula vifaranga, wanaiba samaki kwa dirisha, wanakutoboa kichwa. Kuna mtu ameniambia anaweza nitafutia airgun ya nguvu sana bila maneno mingi. Iko sawa? – Nyali

JIBU: Pole sana, hawa nawajua, Tanga na Dar hali ni hiyohiyo. Kunguru wa Zanzibar, Unguja wenyewe wanamwita wa Kihindi, kila mtu anamsukumia mwenzake. Waliletwa Unguja miaka ya 1890 eti wale takataka, wakala takataka na mayai na makinda ya ndege wengine wote, wakavuka bara na sasa wameishika pwani nzima.

Huyo mtu wa "bila maneno mingi" achana naye. Silaha ambayo haina maneno leo itakua na maneno mengi sana siku polisi wakikusimamisha nayo. Anza na bodi ya leseni za silaha, na kabla hujagusa ndege yoyote ongea na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.

Halafu ata ungekua na leseni, sikushauri. Kunguru anakukumbuka sura. Utampiga mmoja Jumatatu, Jumanne wote wanajua shati lako, Jumatano wanakupigia kelele ukitoka na kikombe cha chai tu, na wanahama kwenda mwembe wa jirani kukungojea uondoke. Unalenga juu kwenye miti katikati ya mabati ya watu. Kwa idadi ile ni kuchota bahari kwa kijiko. Mwaka 2024 KWS walitangaza mpango wa kuwapunguza milioni moja, na njia iliyotegemewa ni sumu maalum inayoitwa starlicide, inawekwa kwenye nyama na watu waliofunzwa, kunguru anakufa baadaye na sumu inakua imeshavunjika mwilini. Kule Watamu, pwani ya Kenya, wameifanya kwa miaka. We nyumbani kwako kuku wadogo wafunike kwa wavu juu, sio pembeni tu, takataka za samaki usimwage wazi, na viota vitolewe mapema, kabla ya mayai, na mtu anayeweza kupanda.

Na kwa wale wawili wa Kilifi na Morogoro mlioniuliza tumbili na nyani: bunduki ya upepo kama hizi tunazozungumzia mara nyingi itamjeruhi tu, haitamuua, na nyani aliejeruhiwa sitaki kukuelezea. Ni wanyamapori wenye sheria yao. Kenya nendeni KWS, Tanzania afisa wanyamapori wa wilaya. Yule wa Dodoma na kwelea kwelea, ndugu, kundi ni mamilioni, hata ukiwa na peleti za nchi nzima. Toa taarifa kwa afisa kilimo mapema wakiwa bado kwenye mazalia, ndege ya kunyunyizia inafanya kazi wakilala pamoja.

SWALI: Mi nauliza kwa udadisi, hii bunduki ya upepo si mchezo wa watoto? Mbona mnaizungumzia kama silaha? – Kijana wa Muscat

JIBU: Jeshi la Austria lilikua nazo kuanzia 1780, aliyebuni anaitwa Girandoni, inapiga ishirini bila kujaza upya peleti na haitoi moshi, na wasafiri wa uchunguzi Lewis na Clark walitembea na bunduki ya namna hiyo wakivuka Marekani 1803 hadi 1806. Hizi ndogo za leo zimeshaua watoto. Usiielekeze kwa mtu, usiiache na peleti ndani, na yenye hewa ndani hesabu kwamba ina peleti.

SWALI: Kaka hao njiwa mnaowapiga huko mnawala? Na ni halali? – Bi Msafiri, London

JIBU: Shikamoo bi. Tunawala, na ni watamu, kifua ndo nyama yote. Nyama iliyozunguka tundu la peleti unaikata unaitupa, hata kama inauma, maana peleti ni risasi ya madini ya risasi na inaacha vumbi lake pale, na watoto na wajawazito mi siwapi kabisa. Ukishashika peleti nawa mikono kabla ya kula.

Halali sasa, mi sio shehe. Suala lenyewe ni la zamani kuliko tunavyodhani, hata hili neno letu bunduki limetokana na Kiarabu, na bunduq huko zamani ilikua kile kidonge cha udongo walichopigia ndege, na wanazuoni walishajadili kwamba kidonge kinaua kwa kishindo sio kwa kukata. Ndo maana wengi wanasema ukimkuta bado anapumua ukamchinja kwa bismillahi hana neno, ila aliekufa kwa pigo ndo mjadala, na risasi za kisasa wengine wanaziona tofauti. Peleti inapiga kichwa, njiwa anakufa kabla hajafika chini, kwaiyo mara nyingi kisu changu kinachelewa. Hao nampa mzungu mwenye shamba. Wale niliowahi nawachemsha na tangawizi mpaka walainike, maana njiwa wa shamba ana misuli, afu tui zito, ndimu mwishoni, na wali. Bosi aliwahi kuonja, sasa kila Jumamosi ananiuliza kama upepo ni mzuri.